Nimeipenda riwaya ya mapenzi ya kiza na imenikera: niipime vipi?

Swali: Assalam aleikum, Mwalimu. Mimi nasomesha skuli ya sekondari Wete, Pemba, na tuna kundi letu la wanawake tunaosoma riwaya pamoja. Tumemaliza riwaya moja ya mapenzi ya kiza inayouzwa sehemu kwa sehemu kwa WhatsApp. Binti wa miaka 20 anaozwa kwa mfanya magendo ya karafuu ili deni la baba yake lifutwe. Anafungiwa kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, anateswa, kisha anampenda mume huyo huyo. Mimi nimekesha nikiisoma, siwezi kukataa. Lakini shoga yangu mmoja, ambaye naye aliozwa kwa nguvu kisha akaachika, aliiacha katikati na hataki kuizungumzia. Mwandishi anataka kuichapa kitabu na ameomba maoni ya wasomaji, na kundi limenipa mimi kazi ya kuandika. Niupime vipi uzuri na ubaya wake bila ya kuidhulumu wala kuipendelea? Pia, binti wa dada yangu ana miaka 15 na ananiomba nimpe aisome. Nimpe?

Jibu: Waaleikum ssalam, mwanangu. Riwaya nimeitafuta na nimeisoma mpaka mwisho. Jina lake na la mwandishi sitaliweka hapa, maana kazi bado iko mikononi mwake na ana haki ya kuitengeneza kabla haijafika kwa mpiga chapa.

Hukumu yangu ni hii. Mwandishi huyu anajua kuandika hofu, tena kuliko wengi wanaoniletea miswada yao niwaharirie. Mapenzi hajayaandika bado, ameyatangaza tu. Kwa riwaya ya aina hii hakuna kasoro iliyo kubwa zaidi ya hiyo, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza hilo la kukesha lisikutie haya. Hofu ya kitabuni unaishika wewe mwenyewe. Ukitaka unazima simu, unakwenda zako jikoni, unarudi ukiwa tayari. Aliye ndani ya ndoa ya namna ile hana pa kuzimia. Ndiyo maana mtu anaweza kuipenda riwaya hii kwa dhati na asitake hata siku moja kuolewa na mwanamume kama yule. Halafu riwaya za mapenzi zina ahadi yake. Msomaji anajua tangu sehemu ya kwanza kwamba wale wawili wataishia pamoja, na ahadi hiyo ndiyo inayompa moyo wa kuzivumilia kurasa ambazo bila ya hiyo asingezivumilia.

Sasa tazama ahadi hiyo inamdai nini mwandishi. Mwisho ukishajulikana, kinachobaki kusimuliwa ni njia. Binti anayetetemeka akisikia nyayo za mtu ngazini anafikaje mahali pa kumngoja mtu huyo huyo kwa hamu? Hilo ndilo lililokufanya ulipie sehemu ya pili, ya tatu na ya ishirini. Mwandishi akikupitisha hatua kwa hatua, riwaya itasimama hata iwe na kiza kiasi gani. Akiziruka hatua, atakuwa amekunyima kile kile ulicholipia.

Kiza chenyewe si kosa, na hili uliandike mapema katika maoni yenu, kwa sababu wako watakaoikataa riwaya kwa kusikia tu inahusu nini. Watu wa pwani tumelelewa na Alfu Lela Ulela. Mfalme Shahriyar anaoa kila usiku na kila asubuhi anamuua aliyemuoa. Kwa ukatili, mfanya magendo wako hamfikii. Lakini mtazame Shahrazad anavyoingia. Ni binti wa waziri, na yeye mwenyewe ndiye anayetaka kuolewa na mfalme. Baba yake anakataa, yeye anashikilia. Haingii mikono mitupu. Kichwa chake kimejaa hadithi, na amekwisha kupanga na mdogo wake Dunyazad awepo chumbani aombe asimuliwe. Ana akili, ana mpango, na ana mtu wake ndani ya chumba cha hatari. Mabadiliko ya mfalme nayo hayaji kwa usiku mmoja. Yanachukua usiku elfu na moja wa kusikiliza, na kila usiku upanga ungali pale pale. Hapo njia imesimuliwa. Doa moja ninaloliona katika hadithi ile ni kwamba wale wanawake waliouawa kabla yake hakuna anayewadai. Mfalme anasamehewa na wao wanasahauliwa. Likumbuke doa hilo, maana riwaya yenu inalo.

Nianze na uzuri, na usiupunguze katika maoni yenu. Sehemu zote za Pemba ni nzuri sana. Uisome tena ile ya kuchambua karafuu. Wanawake wamekaa ukumbini juu ya jamvi baada ya isha, vidole vinatenganisha karafuu na makonyo, mazungumzo ni ya harusi ya jirani na ya pishi ngapi kachuma nani. Gari inasimama nje. Mwandishi hakuandika kwamba mama aliogopa, wala hakumpa moyo wa kumdunda. Ameonyesha mkono wake ukitupa makonyo ndani ya karafuu alizokwisha kuzichambua, na bado mkono haujasita. Aliyekulia Pemba anajua kazi ya jioni nzima imeharibika pale, na kwamba mama yule hawezi kufanya kosa hilo akiwa na akili yake timamu. Hakuna aliyesema neno, na sisi tumeshajua nani kaja. Ukimsifu mwandishi, msifu kwa mistari hiyo hasa, umtajie na jamvi na makonyo, ajue umeona alichokifanya. Sifa ya jumla haimsaidii mwandishi yeyote.

Kingine alichofanya vizuri ni kumpa huyu bwana chanzo cha nguvu zake. Katika riwaya nyingi za aina hii tajiri ni tajiri tu, ana majumba na magari na walinzi, na hujui fedha zinatoka wapi. Huyu tunajua. Karafuu kisheria zinauzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na yeye anazinunua usiku kwa wakulima wenye shida, anazipitisha bandari bubu, mashua zinavuka kwenda Kenya kabla ya alfajiri. Tunaona deni la baba lilivyozaliwa katika msimu mbaya, shamba lilivyowekwa rehani, na mzee alivyotia sahihi karatasi aliyokuwa anaona haya kuomba asomewe. Mtu mbaya wa aina hiyo anatisha zaidi kwa sababu anawezekana. Baba naye hakufanywa shetani. Siku ya harusi anawakaribisha wageni chakula na yeye hali. Maelezo mawili tu, yametosha.

Hata ndani ya ile nyumba ya Mji Mkongwe mwandishi bado yuko imara kwa muda. Binti kanyang'anywa simu na saa hana, anajifunza kuzijua saa kwa adhana, msikiti gani unatangulia na upi unafuata, na wiki anazihesabu kwa khutba ya Ijumaa inayomfikia kwa kipaza sauti. Anajua ni ngazi ipi ya ubao inalia na anajua mguu wa nani umeikanyaga. Katika kurasa hizi binti anafanya kazi na akili yake. Anahesabu, anaficha, anadanganya, anakumbuka. Msomaji yumo naye kwa sababu anaona anavyopanga.

Kisha tunaambiwa miezi mitatu ikapita.

Ni sentensi moja tu, mwanzoni mwa sehemu. Tunarudi chumbani, na binti anamtandikia mumewe kitanda huku akiimba, amemkumbuka, anatamani arudi mapema. Mwanangu, miezi mitatu ile ndiyo iliyokuwa riwaya. Simwambii mwandishi atuonyeshe ya kitandani. Namuuliza siku ya kwanza binti alipocheka jambo alilolisema yule bwana, lilikuwa jambo gani, na baada ya kucheka alijionaje? Usiku wa kwanza aliolala bila ya kusikiliza komeo ulikuwaje? Lini mwanamume yule aliomba kitu, akaambiwa hapana, akaikubali hapana? Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Nimelitafuta katika riwaya nzima, halimo. Hakuna hata mahali pamoja ambapo binti anakataa na neno lake likasimama.

Unaweza kuliona pengo hilo hata kwa kutazama nani anatenda nini katika sentensi. Chukua sehemu moja ya kabla ya ile miezi mitatu na moja ya baada yake, uzisome kwa sauti mbele ya wenzako. Katika ya kwanza binti ndiye mtendaji. Katika ya pili anashikwa, anavutwa, anabebwa, na zaidi ya yote anajikuta: anajikuta akitabasamu, anajikuta akimngoja, anajikuta anampenda. Mwandishi akishindwa kueleza mtu alivyofika mahali, humwambia msomaji kwamba alijikuta pale. Mara moja si neno, kila mtu anaandika hivyo. Ikiwa ndiyo njia ya binti kufikia jambo lolote la moyo wake, basi amenyang'anywa na hiyo akili aliyokuwa nayo, na safari hii aliyemnyang'anya si mumewe, ni mwandishi.

Usiku wa kwanza wa ndoa nao lazima muuseme, msiupite kwa haya. Binti anasema hataki. Yule bwana hasikilizi. Riwaya inaandika kwamba mwili wa binti ulimsaliti, na kuanzia hapo usiku ule unahesabiwa kuwa mwanzo wa mapenzi. Mwili wa mtu una mambo yake ambayo hayana uhusiano na ridhaa. Mtu hutetemeka, hutoa machozi, hukauka, huitika, na hakuna kimoja katika hivyo kilicho jawabu la ndiyo. Mwandishi ana ruhusa ya kusimulia tukio hilo. Ana ruhusa hata ya kumfanya binti achanganyikiwe, ajilaumu, ajiambie pengine ndiyo mapenzi yenyewe, kwani walioonewa wengi hupita huko. Lakini mhusika akijidanganya, msimulizi lazima awe anajua zaidi yake. Hapa msimulizi naye amejidanganya pamoja naye, na msomaji hana pa kusimama.

Sasa yule bwana. Karibu na mwisho tunaambiwa alikuwa yatima, kalelewa na ami yake kwa fimbo na njaa, na machozi yanatutoka. Sura hiyo imeandikwa vizuri, na ndiyo maana inampoteza msomaji. Kuna riwaya ya zamani ya Kiingereza, The Sheik ya E. M. Hull, iliyotoka mwaka 1919 na kufanywa filamu Marekani mwaka 1921, akiigiza Rudolph Valentino. Msichana wa Kiingereza anatekwa na shekhe katika jangwa la Algeria, analazimishwa, kisha anampenda. Mwisho inafichuliwa kwamba shekhe mwenyewe si Mwarabu: baba ni mkubwa wa Kiingereza na mama Mhispania. Riwaya zinazouzwa leo duniani kwa sura hii zina deni kubwa kwa kitabu kile, na wengi wanaoziandika wamerithi ujanja wake bila ya kujua. Mtu yule anajuta mwishoni, lakini hilo silo lililomsafisha. Kilichobadilishwa ni nasaba yake, na wasomaji wa wakati ule wakaona yamekwisha. Kwetu sisi watu wa visiwa vyenye damu za kila namna ni ujanja unaouma. Riwaya yenu imefanya kitu cha jamaa yake. Imeleta utoto wa mateso mahali ambapo palitakiwa toba.

Na toba tunaijua sote, tumeisoma chuoni tangu wadogo. Uliache kosa, ulijutie, uazimie kutolirudia. Na ikiwa umemdhulumu mja, umrudishie haki yake au akusamehe. Mpime yule bwana kwa hayo. Magendo ameyaacha, sawa. Sadaka ametoa, visima amechimba. Mkewe hakumwambia hata mara moja: nilikufanyia kadhaa wa kadhaa, nisamehe. Na yule kijana wa bandarini aliyepigwa mpaka jicho likaharibika, kwa kosa la kumsalimia bibi harusi, ametajwa sehemu mbili kisha akapotea. Hakuna anayekwenda kumtazama. Hapa ndipo lile doa la Shahriyar linaporudi. Mwandishi akitaka nimkubali huyu bwana, anirudishe kwa yule kijana.

Kuna na tatizo la mambo ya ndoa ambalo wanakundi wenzako watalijua mara moja. Riwaya inasema mahari ya binti ilikuwa ni kufutwa kwa deni la baba. Mahari ni haki ya mke, si ya baba yake. Hata kama kusamehe deni kungekuwa zawadi, zawadi hiyo kapewa mzee, na binti anabaki hajapewa kitu. Msichana aliyemaliza skuli na chuo, kama tulivyoambiwa, analijua hilo. Vivyo hivyo mahakama ya kadhi haimo katika riwaya nzima, kama kwamba Unguja na Pemba hazina makadhi, wakati ukenda kwenye mahakama hizo wengi wa waliokaa pale wakisubiri kufungua madai ni wanawake. Simlaumu binti kwa kutokwenda, kafungiwa. Namlaumu mwandishi kwa kutomfanya hata awaze kwenda. Mawazo yake tu ya nitasema nini mbele ya kadhi yangetosha kuwa sura nzima ya hofu na matumaini. Kwa hiyo ninaposema ni kosa, kosa lenyewe ni la kisanii pia: alikuwa na silaha mkononi hakuitumia.

Mke mkubwa mwenye wivu sina la kumsema. Ni mhusika wa kuazima, tumeshamwona kwenye tamthilia za Kituruki na za Kihindi, na riwaya haipungukiwi akitolewa.

Msimlaumu mwandishi kwa kila kitu, maana soko nalo lina mkono wake. Riwaya inayouzwa sehemu kwa sehemu lazima kila sehemu imalizike pabaya, la sivyo mnunuzi halipii inayofuata. Mateso yanapanda kwa sababu ya jana yameshazoeleka. Mambo ya polepole, kama mtu kujifunza kuamini, hayauziki kwa mtindo huo, na nadhani ndiyo maana ile miezi mitatu ikarukwa. Kitabu kilichochapwa hakina haja hiyo. Aliyekinunua amekinunua chote, na mwandishi anaweza kutulia. Mwambieni hivyo, mtakuwa mmempa faraja pamoja na kazi.

Shoga yako mwacheni. Asiulizwe ameishia wapi wala kwa nini, na msimtumie katika maoni yenu hata kwa kuficha jina. Wete ni ndogo. Lakini yaliyompata yana la kuwafunza wanaosema hizi ni hadithi tu. Ndoa ya nguvu visiwa hivi si jambo la kubuni. Mwaka 1970 hapa Unguja wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa bila ya ridhaa yao kwa wakubwa wa serikali ya wakati ule, na habari zikafika nje ya nchi. Wapo wanaokumbuka. Kwa hiyo mwandishi wa Zanzibar anayeandika ndoa ya namna hii anaandika mbele ya watu waliokwisha kuiona kwa macho. Sisemi asiandike. Namtaka aweke onyo ukurasa wa kwanza, kwa maneno ya wazi: ndani mna ndoa ya kulazimishwa, kufungiwa, kupigwa, na kuingiliwa bila ya ridhaa. Waandishi wa riwaya hizi katika nchi nyingine wengi wao wamekwisha kuzoea kufanya hivyo. Anayeyataka hayo atajua yamo, na ambaye hawezi kuyasoma atapita salama. Lingelikuwepo onyo hilo, shoga yako angelichagua mwenyewe kabla hajaanza.

Binti wa dada yako usimpe. Sina wasiwasi na adabu yake. Nina wasiwasi kwamba riwaya hii, kama ilivyo sasa, inamtaka msomaji ajue mwenyewe mahali ambapo msimulizi anakosea, na kwa miaka 15 hilo ni kubwa kulidai. Asifanyiwe siri lakini. Mwambie kuna mwanamke anaonewa humo na mwandishi anayaita mapenzi, na kwamba akifika miaka 18 mtaisoma pamoja mgombane juu yake. Akitaka hadithi ya binti aliyeozwa kwa mtu asiyemtaka, ipo Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wamekuwa wakiisoma. Nayo ina mambo ya watu wazima, kwa hiyo msome mkiwa wawili. Yasmini aliozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima, na akamkimbia. Na alipokimbia alikuwa na mlango wa kugonga mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, kwa rafiki yake Mwajuma. Binti wa riwaya yenu hana Mwajuma. Rafiki zake wa skuli wanatajwa sura ya kwanza kisha hakuna hata mmoja anayeuliza yuko wapi. Hilo nalo muandikieni.

Sasa la mwisho, ambalo ndilo ningependa lichukue nusu ya barua yenu kwa mwandishi. Iko sehemu ambayo binti anafanikiwa kutoka, anafika bandarini Malindi, ana tiketi ya boti ya Mkoani mkononi, na yule bwana anamkuta kwenye foleni. Anamwona, moyo wake unatulia, anarudi naye nyumbani. Ni hapa, kwa maoni yangu, riwaya ilipovunjika, na ni hapa inapoweza kuungwa. Mwambieni mwandishi ampandishe boti. Amwache afike Pemba, aingie kwao, mama amwone. Katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë, iliyochapwa mwaka 1847, Jane anagundua bwana anayetaka kumuoa ana mke hai aliyefichwa ndani ya nyumba ile ile, na ingawa anampenda, anaondoka. Anaporudi, anarudi kwa miguu yake, amekwisha kurithi fedha zake mwenyewe na hakuna mtu anayemlazimisha. Kurudi kwake kunaaminika kwa sababu kuondoka kwake kulikuwa kwa kweli.

Na sisi tuna mila inayompa mwandishi jukwaa zuri zaidi kuliko hilo. Mke aliyekosewa hurudi kwao, na mume akimtaka humfuata na wazee wake, akakaa ukumbini kwa watu, akasemwa. Mweke yule bwana pale, juu ya jamvi lile lile la kuchambulia karafuu, hana walinzi, hana ufunguo mfukoni. Binti akatae mara ya kwanza, na yeye aondoke kweli, arudi Unguja peke yake. Msimu upite. Akija tena, binti adai mahari yake, mkononi mwake, kwa hesabu anayoitaka yeye, mbele ya baba aliyetia sahihi. Amuulize na habari za yule kijana wa bandarini. Baada ya hapo, kama mwandishi bado anataka wapendane, kurasa anazo za kutosha, na mimi nitamsoma. Ile miezi mitatu aifute.

Barua yenyewe isizidi kurasa tatu, ianze na ule mkono wa mama na makonyo, na muipeleke kabla hajakamilisha mapatano na mpiga chapa, maana baada ya hapo kila sura anayoibadilisha itamgharimu fedha.